Kimathi alikuwa na waandishi wawili

Oktoba 2026 inatimia miaka 50 tangu tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi ipandishwe jukwaani katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho, Nairobi. Tangu Ngugi wa Thiong'o afariki Mei 2025, kazi hiyo imetajwa tena na tena, na mara nyingi kana kwamba ni yake peke yake. Waliiandika wawili. Mwenzake alikuwa Micere Githae Mugo, mhadhiri wa fasihi, mshairi na mtetezi wa wanawake, aliyefariki Juni 30, 2023 huko Syracuse, Marekani, akiwa na miaka 80.

Micere alizaliwa Baricho, Kirinyaga, mwaka 1942. Alisoma Alliance Girls, kisha akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupokelewa Limuru Girls, shule iliyokuwa ya Wazungu. Alihitimu Makerere 1966 na kupata uzamifu wake mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada.

Utafiti wake uliwasoma kwa pamoja Chinua Achebe, Ngugi, Margaret Laurence wa Kanada, na Elspeth Huxley, aliyelelewa kwenye shamba la walowezi Thika. Waafrika wawili na wanawake wawili wa Kizungu, wote wakiisimulia Afrika: nani anaiona kutoka ndani, na nani anaitazama kutoka kibarazani kwa mlowezi? Kitabu kilichotokana na utafiti huo, Visions of Africa, kilitoka 1978.

Idara ya Fasihi aliyojiunga nayo katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1973 ilikuwa imeshapigana vita vyake vikubwa. Mwaka 1968 Ngugi, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika ishike nafasi ya katikati. Micere aliukuta mlango uko wazi. Alichokuja nacho ni swali ambalo hoja ile haikuwa imelijibu: katika simulizi hii mpya ya taifa, mwanamke yuko wapi?

Jibu limo ndani ya tamthilia. Kabla ya kuandika, yeye na Ngugi walikwenda Karunaini, Nyeri, kuzungumza na watu waliomfahamu Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni wa Waingereza. Kesi yake ndiyo kiini cha mchezo, lakini anayeusukuma ni mhusika asiye na jina, anayeitwa Mwanamke tu. Ni yeye anayepanga kumwokoa shujaa, na bastola imefichwa ndani ya mkate. Kuna pia Msichana, ambaye tunamkuta akikimbizwa na Mvulana mtaani, hadi anapochoka kukimbia, anageuka na kumkabili. Katika vitabu vingi vya Mau Mau vya wakati huo, wanawake walipika na kulia. Hapa wanabeba silaha na kutoa maamuzi.

Kisha ukaja ugomvi wa ukumbi. Kenya ilikuwa imechagua tamthilia mbili za kupeleka FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mapema 1977: Kimathi na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Waandaaji walitaka ziigizwe kwanza nyumbani mwezi Oktoba, mwezi ambao Wakenya huwakumbuka mashujaa wao na ambao Kimathi mwenyewe alikamatwa, mwaka 1956. Wakaambiwa nafasi zimeshachukuliwa. Kulikuwa na kikundi cha baleti kutoka Ufaransa, na kikundi cha Wazungu wa Nairobi kilichokuwa na mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum.

Hiyo ilikuwa miaka 13 baada ya uhuru, katika ukumbi uliobeba jina la taifa! Magazeti yaliwaka moto. Mwishowe tamthilia za Kiafrika zilipewa siku chache. Ngugi ameandika kwamba yeye na mwelekezi Seth Adagala waliitwa makao makuu ya upelelezi na kuulizwa kwa nini wanaingilia maonyesho ya Wazungu.

Watazamaji walikuwa na jibu lao. Ukumbi ulifurika. Wimbo wa mwisho ulipoanza, watu waliinuka vitini, wakajiunga na waigizaji na kutoka nje wakicheza, mkabala na hoteli ya Norfolk, maskani ya walowezi tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1978 tamthilia ilitoka kwa Kiswahili, Mzalendo Kimathi.

Micere alichaguliwa mkuu wa kitivo Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini. Cheo hakikumkinga. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, serikali ya Rais Moi iliwaandama wasomi, naye akakimbilia uhamishoni na binti zake wawili. Kenya ilimnyang'anya uraia. Zimbabwe ikampa wake, akafundisha Harare hadi mapema miaka ya 1990.

Kutoka kipindi hicho tuna African Orature and Human Rights ya 1991, ambamo anaifananisha fasihi simulizi na kitunguu: ganda juu ya ganda, mtu ndani ya familia, familia ndani ya jamii. Hata mashairi yake hakupenda kuyasoma peke yake. Kwanza aliwafundisha wasikilizaji kiitikio, kisha akaanza. Baadaye, huko Syracuse, alifundisha zaidi ya miaka 20, na mwaka 2021 akachapisha kitabu kuhusu utu katika usomi wa Waafrika.

Nchi iliyomfukuza profesa wa kiwango hiki ina deni, na sehemu yake inaweza kulipwa mwaka huu bila gharama. Kila bango, kila kipindi cha redio na kila mtihani utakaoitaja tamthilia hii uandike majina yote mawili, kama yalivyo kwenye jalada tangu 1976.