Kokoto Iliyobeba Kuta za Thimlich Ohinga

Fundi anayetandika kabro uani Homa Bay huanza na hesabu: eneo mara kina. Ua wa mita za mraba 20, wenye kokoto ya kina cha sentimita 10, unadai mita 2 za ujazo. Kwa kuwa kokoto hupungua kina ikishindiliwa, huongeza kama moja ya tano na kuagiza karibu mita 2.4. Wengi hudhani hesabu hii ililetwa na saruji na malori. Nadai kwamba katika nchi hii ina umri mkubwa zaidi, na shahidi wangu ni Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, boma la mawe ambalo huenda lilijengwa karne ya 16 na kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Kuta zake zilipangwa bila udongo wala chokaa, kwa mawe yasiyochongwa, na nyingine zinapita mita 4 kwa kimo. Mgeni huvutiwa na mawe makubwa ya nje. Mimi naona siri iko katikati: baina ya uso wa nje na uso wa ndani mmejazwa mawe madogo yanayozifunga nyuso hizo mbili pamoja. Tukadirie kipande cha urefu wa mita 10, kimo mita 2 na unene mita 1. Ni mita 20 za ujazo. Hata tukitoa theluthi kwa ajili ya nafasi tupu baina ya mawe, zinabaki zaidi ya tani 30 za mawe ya kubebwa. Na tabaka hizo tatu hupanda pamoja. Mawe madogo yakikosekana, nyuso hazina pa kuegemea, kazi inasimama. Kwa hiyo aliyesimamia ujenzi alilazimika kujua mapema kiasi cha makubwa na kiasi cha madogo, na mikono mingapi itayaleta.

Atakayenipinga atasema mlima ulijaa mawe, watu wakaokota mpaka ukuta ukaisha, na hakuna rekodi ya hesabu yoyote. Ni kweli hakuna maandishi. Lakini kuokota ovyo hakuelezi mamia ya maboma ya aina hii yaliyotapakaa kusini mwa Nyanza kwa mbinu ileile, wala jinsi jamii zilizofuatana, za Kibantu na za Kiniloti, zilivyoweza kuyahamia na kuyakarabati bila kuharibu mpangilio wake. Ujuzi unaopokezanwa hivyo una vipimo, hata kama vipimo vyenyewe ni hatua za mguu na mizigo ya kichwani.

Ushahidi ulionishawishi zaidi uko pale ambapo mawe hayakutumika. Penginepo magharibi mwa Kenya watu walizungushia makazi yao tuta la udongo na handaki, maboma yanayojulikana kama gunda bur. Handaki lenyewe ndilo lililotoa udongo wa tuta, kwa hiyo hapakuwa na mzigo wa kuleta kutoka mbali, na kila futi ya kina iliongeza ulinzi kwa pande mbili. Sioni namna watu wasiopima gharama ya kubeba wangeweza kuupata mpango huo.