Walivuta Mashua Juu ya Barafu

Hebu jiulize: ukilazimika kutembea mamia ya kilomita kwenye barafu, utabeba nini?

Aprili 1848, mabaharia 105 wa msafara wa John Franklin, Mwingereza, waliziacha meli zao, Erebus na Terror, zilizonaswa na barafu kaskazini mwa Kanada, wakashika njia kwa miguu. Hakupona hata mmoja. Mwaka 1859 mashua yao moja ilikutwa juu ya sleji, ndani mna mifupa ya watu wawili, vitabu, chokoleti na vijiko vya fedha. Mashua na sleji tu vilizidi kilo 600, na waliovuta ni watu, si mbwa!

Daktari John Rae alizunguka maeneo ya jirani akiwa na wenzake wachache, akiwinda njiani na kulala kwenye vibanda vya theluji, ujuzi aliojifunza kwa wenyeji, Wainuit. Mwaka 1854 wakamsimulia: wazungu wale walikufa njaa, na wengine walikula maiti za wenzao.

London ilikasirika. Mwandishi Charles Dickens akadai maneno ya Wainuit hayaaminiki. Lakini mifupa iliyochunguzwa miaka ya 1990 ilikuwa na alama za visu, na mwaka 2014 Erebus ilipatikana upande uleule uliotajwa na simulizi zao.

Basi ukisoma habari za wavumbuzi, tafuta pia wenyeji walisema nini.