Kusomea ubingwa wa upasuaji: hospitali ipi?

Daktari anayetaka ubingwa wa upasuaji Afrika Mashariki ana njia mbili kubwa. Moja ni shahada ya uzamili ya chuo kikuu, kama Muhimbili au Nairobi. Nyingine ni COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, makao yake Arusha. Hakina madarasa yake: daktari hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, kama Tenwek kule Bomet, Kenya. Upasuaji wa jumla huchukua miaka 5.

Kama mwanao au ndugu yako anapanga kufungua kliniki yake baadaye, asitazame jina la chuo kwanza. Aulize mwanafunzi hushika kisu mwenyewe mara ngapi. Hospitali kubwa ya rufaa ina wagonjwa wa kila aina, lakini wanafunzi nao ni wengi, na anayeanza anaweza kukaa miezi akiwashikia wengine vyuma. Kliniki ya mji mdogo huletewa ngiri, kidole tumbo, tezi dume, na miguu iliyovunjwa na bodaboda. Hizo azifanye nyingi, akisimamiwa, ziandikwe kwenye daftari lake.

Ajifunze pia kumkataa mgonjwa. Akijitegemea, usiku hakuna bingwa wa kumwita, na pengine hata mtaalamu wa usingizi hayupo. Anayechelewa kutoa rufaa hupoteza mtu.

Majibu ya kweli atayapata kwa waliomaliza hapo karibuni. Awaulize faraghani.