Mama Aliyefika Mpimbwe Bila Karatasi

Kufuatilia asili ya Annie Hore si kazi ngumu. Mwingereza huyu, mke wa mmisionari Edward Coode Hore wa London Missionary Society, aliingia Ujiji Januari 1885 pamoja na mwanawe mdogo, Jack, baada ya miezi mitatu hivi ya kubebwa kitini na wapagazi kutoka pwani. Mwaka uliofuata kitabu chake cha safari hiyo kikachapishwa. Kwao, serikali iliandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu 1837, na sensa za kuanzia 1841 zilitaja watu kwa majina, nyumba hadi nyumba. Ndiyo maana ni rahisi kuamini kwamba mhamiaji kama yeye ana historia, ilhali akina mama waliohamia Mpimbwe, magharibi mwa Tanzania ya leo, miaka hiyohiyo wana hadithi tu. Mimi sikubali. Walichokosa ni karani. Asili yao ilikuwapo, na kwa kiasi fulani bado inafikika, mradi tusianzie kwenye orodha ya mababu.

Tazama Juni 1880. Frederick Carter na Thomas Cadenhead, watumishi wa mpango wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji wa kubebesha mizigo tembo wa Kihindi, walikuwa kwa mtemi Kasogera, Mpimbwe, wakitokea Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kuelekea pwani, majeshi ya watemi Mirambo na Simba yalipokivamia kijiji. Wote wawili waliuawa. Barua ziliandikwa mpaka Unguja kwa balozi wa Uingereza, John Kirk, na Mirambo akaupoteza urafiki wa Waingereza alioutafuta kwa miaka. Lakini vita vya rugaruga, wapiganaji wa watemi hao, vilikuwa pia njia ya kupata mateka, hasa wanawake na watoto, na hao hawakuwa na balozi. Wengine walitolewa Mpimbwe. Wengine, mateka na wakimbizi wa vita vya kwingine, waliletwa nchi hizi wakaolewa na kuzaa.

Kwa hiyo mjukuu wa kijiji cha Mamba, Mpimbwe, anayemtafuta bibi wa namna hiyo aanze na mahari: ilipokewa na nani? Mke ambaye hakuwa na kaka wala mjomba wa kuipokea, hata akaozwa na yuleyule aliyemlea, huenda hakuwa na ndugu karibu. Halafu aende kwenye daftari za ubatizo. Mapadri Weupe waliichukua ngome ya Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, wakakomboa watoto watumwa na kuwaoza katika vijiji vya Kikristo. Adrien Atiman, tabibu wa Karema aliyetekwa utotoni kando ya Mto Niger, alibahatika kuandika maisha yake mwenyewe. Kwa mwanamke aliyekombolewa, mara nyingi tunabaki na mstari mmoja: jina jipya, tarehe, msimamizi wa ubatizo.

Kuna pingamizi zito: utumwa ni aibu, na ukoo hufuta aibu kwa kumfanya mateka kuwa binti wa nyumbani. Ni kweli, na hilo halipaswi kupuuzwa. Masimulizi peke yake yatadanganya. Ila uongo huu una umbo linalotambulika. Bibi anayesemekana kuwa mzaliwa wa hapo, lakini hana kaka hata mmoja anayetajwa na mahari yake haijulikani ilikwenda wapi, anatoa ushahidi kwa yale yasiyosemwa. Wengine watasema makaburi yameachwa mbali, maana wakoloni Waingereza walihamisha watu kwa ajili ya malale, na Vijiji vya Ujamaa vikawahamisha tena miaka ya 1970. Hasara hiyo ni kubwa. Hata hivyo, uhamisho uliotangulia huonekana katika majirani: kaya zisizo za ukoo mmoja zilizoendelea kuhama pamoja na kusimamiana ubatizo yafaa ziulizwe pamoja, kwa sababu huenda wanawake walioziasisi walikombolewa pamoja. Jina la msimamizi, ambalo wasomaji wengi wa daftari hulipita haraka, ndilo la kuandikwa kwanza.