Kuinuka na Kuanguka kwa Chaneli ya G4, 2002–2022: Historia ya Kutazama Mchezo kwa Jicho la Kibanda cha Mpanda

1.0 Utangulizi

Mtu aliyekulia Mpanda katika miaka ya 2000 hahitaji kufafanuliwa maana ya kutazama mchezo wa video. Katika kibanda chenye runinga moja na mashine moja ya PlayStation, walicheza wawili. Waliobaki walikaa kwenye mabenchi, wakasubiri zamu, wakakosoa, wakacheka, na mara nyingine wakarudi nyumbani bila kushika pedi. Hawakuona kuwa wamepoteza muda wao. Kutazama kulikuwa sehemu ya mchezo.

Katika miaka hiyohiyo, nchini Marekani, kampuni kubwa ya televisheni ya kebo iitwayo Comcast ilikuwa imewekeza fedha katika wazo linalofanana na hilo. Ilianzisha chaneli nzima kwa ajili ya michezo ya video na kuiita G4. Chaneli hiyo ilianza kurusha matangazo tarehe 24 Aprili 2002, ikafungwa tarehe 31 Desemba 2014, ikafufuliwa tarehe 16 Novemba 2021, na kuzimwa tena tarehe 18 Novemba 2022. G4 haikuwa sehemu ya maisha ya Mpanda. Hata hivyo, swali lililoizaa na hatimaye kuiua ni swali ambalo kibanda cha Mpanda kilikuwa na jibu lake: mtu anayemtazama mwenzake akicheza anatafuta nini?

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kuanguka kwa G4 ni kwamba iliuawa na intaneti. Makala haya yanaonesha kuwa maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu hayapatani na mfuatano wa matukio. Hoja kuu ni kwamba chaneli ilianza kuuacha mchezo kabla intaneti haijawapa watazamaji mahali pengine pa kwenda, na kwamba iliuacha kwa kuwa wamiliki waliwaona watazamaji kama kundi la kuuziwa watangazaji wa biashara, si kama jamaa waliokusanyika kuuzunguka mchezo.

2.0 Muktadha: Runinga Chache, Watazamaji Wengi

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Kwa wakazi wa Mpanda kuchelewa huko kulizidishwa na mambo mawili. La kwanza ni umbali. Mji huu, ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa, ulitegemea sana reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. La pili ni umeme. Kwa miaka mingi Mpanda haikuunganishwa na gridi ya taifa, bali ilitegemea majenereta ya dizeli.

Katika mazingira hayo, runinga haikuwa chombo cha sebuleni tu. Ilikuwa chombo cha kibanda. Mwenye runinga, jenereta na dishi aliweka mabenchi, akatoza kiingilio, akaonesha mpira wa Ulaya na filamu zilizotafsiriwa kwa sauti ya msimulizi. Jina la kibanda umiza lilitokana na adha ya kubanana na joto, lakini watu hawakuacha kwenda. Mashine za gemu zilipoingia mjini, ziliingia katika utaratibu uleule: aliyecheza alilipa, aliyetazama alivumiliwa.

Nje ya Afrika, nchi iliyotangulia kuugeuza utazamaji wa aina hii kuwa televisheni ni Korea Kusini. Chaneli ya OnGameNet ilianza huko mwaka 2000 na kurusha mashindano ya gemu ya StarCraft, yakiwa na watangazaji, mashabiki na wachezaji mashuhuri kama ilivyo katika soka. Msingi wake ulikuwa kumbi za kompyuta za mitaani, mahali ambapo vijana walikwishazoea kuchezeana na kutazamana. Televisheni haikulibuni kusanyiko hilo. Ilililikuta, ikalipa jukwaa kubwa zaidi.

3.0 Kuinuka, 2002–2004

G4 ilizaliwa kwa njia tofauti. Mwanzilishi wake, Charles Hirschhorn, alitoka katika uongozi wa televisheni ya Walt Disney, na mtaji ulitoka kwa mwenye nyaya zilizopeleka televisheni majumbani. Chaneli ilizinduliwa kwa kuonesha gemu kongwe ya Pong mfululizo kwa wiki nzima: vijiti viwili na kitone kikirushwa huku na huko. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye imani ndani yake. Walioutunga walikuwa wakisema kwamba mchezo wenyewe, hata ulio sahili kabisa, unastahili kukaa kwenye kioo.

Vipindi vya mwanzo viliitunza imani hiyo. Arena kilipambanisha timu za wachezaji, Icons kilisimulia historia ya watunzi na makampuni ya gemu, Cinematech kilionesha vipande vya gemu bila mtangazaji, Cheat! kilifundisha mbinu. Kwa lugha ya kibanda, chaneli hii ilikuwa na mashindano, masimulizi ya wakubwa, macho ya kutazama tu, na yule kijana ajuaye siri za kila gemu.

Udhaifu wake ulikuwa idadi ya kaya ilizozifikia. Televisheni ya kebo huishi kwa mikataba: mwenye nyaya akikubali kuibeba chaneli, chaneli hupata kaya, akikataa, haipo. Mwaka 2004 G4 ilikuwa ikifika katika kaya zipatazo milioni 15. Chaneli nyingine iliyojishughulisha na kompyuta na teknolojia, TechTV, iliyoanza mwaka 1998 kwa jina la ZDTV, ilifika katika kaya zaidi ya milioni 40. Comcast iliinunua TechTV na kuiunganisha na G4 mwezi Mei 2004.

4.0 Kuuacha Mchezo, 2004–2010

Muungano huo ulileta kaya, lakini ulileta pia hasara ambayo haikuonekana katika hesabu. Studio za TechTV mjini San Francisco zilifungwa, wafanyakazi wengi wakapoteza ajira, na watazamaji wa teknolojia wakaona kuwa nyumba yao imebomolewa ili jirani apate kiwanja. Chaneli iliyoitwa G4techTV ilirudi kuitwa G4 tu mwaka 2005. Vipindi viwili vilivyokuja kuwa nguzo zake kwa miaka iliyofuata vilikuwa na mizizi katika TechTV: X-Play, kilichoongozwa na Adam Sessler na Morgan Webb, na Attack of the Show!, kilichochukua nafasi ya The Screen Savers na kuongozwa kwa miaka mingi na Kevin Pereira. Aliyenunuliwa ndiye aliyekuja kumbeba mnunuzi.

Badiliko kubwa zaidi lilihusu lengo. Wamiliki waliamua kuwa G4 ni chaneli ya wanaume vijana, kundi ambalo watangazaji wa biashara hulitafuta kwa udi na uvumba. Mara kundi lilipochukua nafasi ya mchezo, kila kilichodhaniwa kulipendeza kundi hilo kilipata nafasi. Mwaka 2006 yakaja marudio ya Star Trek. Yakaja pia marudio ya Cops, kipindi cha kuwafuata polisi kazini, na Cheaters, kipindi cha kufumania wapenzi. Saa za gemu zikapungua hadi vile vipindi viwili vya nguzo vikawa kama visiwa.

Utetezi wa wamiliki unaeleweka. Marudio ni nafuu, na chaneli ya biashara haiwezi kuishi kwa mapenzi ya mashabiki peke yake. Lakini mwanahistoria lazima atazame tarehe. YouTube ilianza mwaka 2005 ikiwa bado changa, na Twitch, jukwaa la kurushia gemu mubashara, lilianza Juni 2011. Mwelekeo wa kuuacha mchezo ulikwisha kuwa wazi kabla ya hapo kwa takribani miaka 5. Mshindani ambaye hajazaliwa hawezi kuwa sababu ya kwanza ya kushindwa.

Kipindi kilichoishi kuliko chaneli yenyewe kinathibitisha hali hiyo. American Ninja Warrior, kilichoanzishwa na G4 mwaka 2009 kwa kuiga shindano la Kijapani, kilikuja kuwa kipindi kikubwa cha NBC. Ni shindano la kuruka na kuning’inia katika vikwazo vya kweli. Urithi mkubwa wa chaneli ya michezo ya video katika televisheni ya Marekani haukuwa na gemu ya video ndani yake.

5.0 Kuanguka, 2010–2014

Tarehe 1 Novemba 2010 kampuni ya setilaiti ya DirecTV iliiondoa G4 katika orodha ya chaneli zake. Mamilioni ya kaya yakapotea kwa mara moja. Pigo hili laonesha hatari ya chaneli iliyopoteza sura yake. Anayeomba kubebwa na mwenye nyaya au setilaiti hana budi kueleza ana kitu gani ambacho wengine hawana, nacho G4, yenye marudio yanayopatikana kwingineko, ilikuwa na jibu dhaifu.

Mwaka 2011 Comcast ilichukua udhibiti wa NBCUniversal, na G4 ikawa mtoto mdogo katika nyumba yenye watoto wengi. Sessler aliondoka mwaka 2012. Mwishoni mwa mwaka huo ilitangazwa kuwa X-Play na Attack of the Show! vitakoma, na matoleo ya mwisho yakarushwa Januari 2013. Kulikuwa na mpango wa kuigeuza G4 kuwa Esquire Network. Dakika za mwisho jina hilo likapewa chaneli nyingine, nayo G4 ikaachwa ikirudia vipindi vya zamani hadi ilipozimwa mwisho wa mwaka 2014.

Agosti ya mwaka huohuo, Amazon ilikubali kuinunua Twitch kwa takribani dola milioni 970. Miezi minne ikatenganisha thamani hiyo kubwa na kifo cha G4. Kwa hiyo hamu ya kutazama mchezo haikuwa imekufa. Ilikuwa imepata kibanda kingine.

6.0 Ufufuo Mfupi, 2021–2022

Kumbukumbu za mashabiki zilimshawishi mmiliki kujaribu tena. G4 ilirejea Novemba 2021 chini ya Comcast Spectacor, safari hii ikirusha kwa kebo na pia katika Twitch na YouTube. Watangazaji wa zamani walirudi, vipindi viwili vya nguzo vikafufuliwa. Oktoba 2022 uongozi ukatangaza kufunga, ukieleza kuwa watazamaji walikuwa wachache na mapato hayakutosha kuiendeleza.

Hapa intaneti inastahili sehemu yake ya lawama. Studio yenye wafanyakazi wengi ilishindana na kijana mmoja mwenye kamera chumbani mwake, anayejua majina ya watazamaji wake na kuwajibu papo hapo. Gharama ya kwanza haiwezi kulinganishwa na ya pili. Lakini tofauti ya fedha ilibeba tofauti ya uhusiano: katika chumba cha yule kijana mtazamaji ana sauti, na katika studio ana kioo tu.

7.0 Kibanda kama Kipimo

Kibanda cha Mpanda kinasaidia kuipima historia hii. Mwenye kibanda naye alikuwa mfanyabiashara. Alitoza fedha, alizima mashine muda ulipokwisha, na aliyemaliza salio hakumwonea haya kumtoa. Hata hivyo hakuweza kusahau kwa nini watu wamekuja, maana walikuwa mbele yake. Akiweka filamu wakati vijana wamefuata gemu, makelele yangemfikia kabla ya kukaa kitini. Mtazamaji wa kibanda alikuwa mchezaji anayesubiri zamu, mwalimu wa aliyeshika pedi, na mwamuzi wa ugomvi.

Mtazamaji wa G4 alikuwa tarakimu katika ripoti iliyosomwa na mtu aliye mbali. Tarakimu hazipigi makelele, hupungua kimyakimya. Korea nako chaneli ya MBC Game, iliyokuwa na mashabiki wake waaminifu, ilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2012 na nafasi yake kupewa chaneli ya muziki. Kwa hiyo hata palipokuwa na kusanyiko halisi, uamuzi wa mwisho ulibaki kwa mwenye masafa.

8.0 Hitimisho

G4 iliinuka kwa imani kwamba mchezo wastahili kutazamwa, ikaanguka wamiliki wake walipoiacha imani hiyo kabla ya watazamaji. Intaneti ilimalizia kazi ambayo ilikuwa imeanzia ofisini.

Kuna jambo moja linalomrudisha mtafiti nyumbani. Historia ya G4 inaweza kuandikwa kwa sababu imeacha tarehe, mikataba, matangazo na vipindi vilivyorekodiwa. Vibanda vya Mpanda havikuacha hati. Simu zenye intaneti zimewapa vijana wa Katavi kioo cha mtu mmoja mmoja, na mabenchi yanapungua mwaka hadi mwaka. Waliosimika madishi, waliobeba runinga kutoka stesheni ya reli, na waliojifunza gemu kwa kutazama tu bado wapo, lakini ushahidi wao umo vichwani mwao. Chaneli iliyoangukia ng’ambo ina kumbukumbu zake tayari. Kibanda kilichokuwa na jibu la swali lake kinahitaji kuandikwa sasa, wenyewe wakiwa hai wa kutusahihisha.