Si, Oc na Oïl: Habari za Neno la Kukiri

Warumi wa kale, pamoja na ufasaha wote wa Kilatini chao, hawakuwa na neno moja maalumu la kukiri mfano wa ndiyo yetu. Aliyeulizwa jambo aghalabu alikirudia kitendo alichoulizwa, ama alisema sic, maana yake "hivyo". Dola yao ilipoanguka, na Kilatini kikafarakana vinywani mwa watu, kila upande ulishika kauli yake: Waitaliani na Wahispania wakashika si, iliyozaliwa na sic hiyo, watu wa kusini ya Ufaransa wakashika oc, itokayo katika hoc, yaani "hili", na wa kaskazini wakasema oïl, ambayo baadaye iligeuka kuwa oui.

Dante Alighieri, mshairi wa Firenze aliyehukumiwa kuhamishwa kwao mwaka 1302, alipotunga risala yake juu ya lugha za watu wa kawaida, alizipambanua lugha hizo tatu kwa neno hilo dogo, akaona kuwa latosha kumtambulisha msemaji na asili yake.

Wala neno si halikutoweka Ufaransa, ila lilibadili kazi. Mama wa Kifaransa akimwuliza mwanawe, "Hukula?", mtoto aliyekwisha kula hajibu oui, bali si, kwa kukanusha dhana ya mamaye, ilhali mtoto wa Kiswahili akijibu ndiyo, amekiri kwamba hakula. Na sauti hiyo hiyo, kwa asili nyingine ya Kilatini, Mfaransa huitumia kwa sharti, kwa maana ya "ikiwa".

Iliyopata mitihani mikubwa ni oc. Katika karne ya 12 ilikuwa lugha ya washairi walioheshimiwa katika majumba ya mamwinyi wa kusini. Lakini Toulouse ilitiwa chini ya mfalme wa Ufaransa mwaka 1271, na mwaka 1539 François wa Kwanza akaamuru hukumu na hati za serikali ziandikwe kwa Kifaransa. Hata hivyo nchi ile iliitwa Languedoc, yaani lugha ya oc. Frédéric Mistral, aliyetunga kwa lugha hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Na mwaka 2016 mkoa mpya wa kusini ukapewa jina la Occitanie. Watu walioondolewa lugha yao mahakamani wamestahili, angalau, kuitwa kwa neno ambalo wazee wao walikubaliana nalo.