Kujibu kwa Sauti: Udaktari wa Wittenberg tangu Luther hadi Amo

Utangulizi

Ndugu zetu kadhaa wanaosomea shahada ya udaktari hufikia hatua ya kukabidhi tasnifu. Utafiti umekamilika, nakala zimejalidiwa, watahini wameteuliwa. Iliyobaki ni siku ya mtihani wa mdomo. Wengi huidhania siku hiyo kuwa desturi tu ya kuhitimisha kazi iliyokwisha kufanyika katika maandishi. Historia yatufundisha vingine. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Wittenberg kilichoanzishwa mwaka 1502, kwamba mtihani wa mdomo ulitangulia tasnifu, na kwamba aliyeufaulu hakuvikwa heshima tu bali alitwikwa deni.

1. Kiapo cha mwaka 1512

Martin Luther hakuandika tasnifu. Katika vyuo vya wakati ule mwanafunzi wa theolojia alipanda ngazi moja baada ya nyingine: kwanza alifafanua vitabu vya Biblia, kisha kitabu cha Sentensi cha Petro Lombardi, huku akishiriki midahalo mbele ya walimu. Luther alianza ngazi hizo mwaka 1509. Baadaye Johann von Staupitz, mkuu wake katika shirika la Waaugustino, alimwagiza ajiandae kwa udaktari. Yasimuliwa kwamba walikuwa chini ya mpeasi katika bustani ya monasteri, na Luther akatoa sababu nyingi za kukataa, mojawapo kwamba kazi hiyo ingemwua. Staupitz alimjibu kwa utani kwamba hata mbinguni Mungu ana kazi nyingi na anahitaji madaktari.

Ada nayo ilikuwa jambo zito. Mtawa hakuwa na fedha. Mtawala Frederick wa Saksonia alitoa gulden 50, kwa sharti kwamba Luther aushike ualimu wa Biblia hapo Wittenberg maisha yake yote. Tarehe 9 Oktoba 1512 Luther alitia sahihi stakabadhi ya fedha hizo mjini Leipzig. Tarehe 18 na 19 Oktoba sherehe zilifanyika chini ya uongozi wa Andreas Karlstadt. Luther aliapa kutofundisha mafundisho mageni yaliyohukumiwa na Kanisa. Akapewa Biblia iliyofungwa, kisha iliyofunuliwa, pamoja na kofia na pete.

Miaka iliyofuata, alipoulizwa ni kwa mamlaka gani anafundisha anayofundisha, Luther alikitaja kiapo hicho. Hakuutafuta udaktari, alisema. Aliupokea kwa utii, na sasa ulimfunga kuyatetea Maandiko. Shahada iliyotolewa chumbani mwa wanazuoni ikawa wajibu mbele ya Kanisa zima.

2. Pingamizi la Karlstadt

Twapaswa pia kulisikiliza pingamizi. Mwaka 1523 Karlstadt yule yule, aliyemwongoza Luther katika kutunukiwa, alitangaza kwamba hatamtunuku mtu shahada tena. Msingi wake ulikuwa Mathayo 23, ambapo Kristo awakataza wanafunzi wake kuitwa walimu. Kwa miaka kadhaa udaktari wa theolojia ukakoma Wittenberg. Pingamizi hilo lina uzito hata leo, kila mara jina la udaktari linapotafutwa ili kupata kiti cha mbele.

Jibu la Wittenberg lilitolewa mwaka 1533. Philipp Melanchthon aliandika kanuni mpya za kitivo, na mwezi Juni Johannes Bugenhagen, Caspar Cruciger na Johannes Aepinus wakasimama kujibu hoja hadharani. Kiapo kipya kiliwafunga madaktari kwa imani za Kanisa la kale na kwa Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Hivyo udaktari ulirudishwa kama utumishi wa kufundisha na kutetea Injili.

Mdahalo wenyewe uliendeshwa hivi. Hoja fupi zilichapwa mapema, mara nyingi zikiwa zimetungwa na mwenyekiti. Mtahiniwa alizitetea kwa Kilatini. Wapinzani walizishambulia moja moja, naye alipaswa kuonyesha kosa lilipo katika kila shambulio. Mwaka 1535, Hieronymus Weller na Nikolaus Medler walipotahiniwa, Luther ndiye aliyetunga hoja, akizijenga juu ya Warumi 3:28. Kiini cha imani kilijaribiwa hivyo kwa maswali makali, wala hakuna aliyeona kwamba kukihoji ni kukidharau.

3. Mwafrika katika Wittenberg

Karne mbili baadaye mdahalo ulikuwa umezaa kijitabu, yaani tasnifu iliyochapwa ili itetewe kwa mdomo. Hapo twakutana na Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika nchi iitwayo Ghana leo, aliyepelekwa Ujerumani akiwa mtoto na kubatizwa mwaka 1708. Mwaka 1729, huko Halle, alitetea hoja juu ya haki za Waafrika walioko Ulaya, akiuliza uhuru wa Waafrika walionunuliwa na Wakristo ulifika wapi kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1730 Wittenberg ilimpa shahada ya filosofia, na mwaka 1734 alitetea huko tasnifu juu ya nafsi ya mwanadamu na hisi.

Tasnifu ya mwaka 1734 twaweza kuisoma. Ile ya haki za Waafrika haipo. Twaijua kwa taarifa fupi tu iliyochapwa Halle wakati ule. Sauti ilisikika siku moja, lakini maandishi yakapotea, na Kanisa likakosa ushuhuda ambao vizazi vya baadaye vingeuhitaji sana.

Hitimisho

Tunajifunza nini? Kwanza, anayekabidhi tasnifu na aisome upya kama mpinzani wake, apambanue dai analoweza kuliacha na lile asiloweza kuliacha. Pili, nakala na ibaki katika maktaba ya chuo chake cha nyumbani, si ng'ambo tu. Tatu, na akumbuke gulden 50: usharika au dayosisi iliyochangia ada yake inayo haki ya kumwuliza maswali baada ya watahini kumaliza yao. Petro atuagiza kuwa tayari siku zote kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu (1 Petro 3:15). Mtihani wa mdomo ni mwanzo wa utayari huo.